Check: neno lililoanza likiwa mfalme

Kabla ya kuwa tendo la kukagua, kabla ya kuwa karatasi ya benki au mchoro wa shati, neno la Kiingereza "check" lilikuwa mfalme. Ni shah wa Kiajemi, cheo kilekile walichokishika watawala wa Iran hadi mwaka 1979. Maana zake za leo ni nyingi kiasi cha kumchosha anayejifunza lugha hiyo, lakini zote zinatokana na tukio moja dogo: mchezaji wa sataranji anasogeza kete yake, kisha anamwambia mwenzake kwa sauti kwamba mfalme wake yuko hatarini.

Nalieleza hili kwa sababu neno lenyewe linatuponza. Gazeti la Kiingereza likiandika kwamba serikali imechukua hatua "to check inflation", mfasiri mwenye haraka huandika kuwa serikali inakagua mfumuko wa bei. Hapo hakuna anayekagua kitu. Serikali inajaribu kuuzuia mfumuko usipande. Vivyo hivyo kwa "check the spread of cholera": ni kukizuia kipindupindu kisienee. Anayefasiri kwamba maofisa wa afya wanaangalia kuenea kwa kipindupindu amewafanya wakae pembeni wakitazama watu wakiugua.

Kamusi kubwa za Kiingereza huzipanga maana za neno hili kwa namba: kukagua, kuzuia, alama ya vema, hundi, bili ya mgahawani huko Marekani, kijikaratasi cha mzigo, kitambaa cha miraba. Namba hizo humfanya msomaji adhani maana zimekutana pale kwa bahati, kama abiria wasiojuana. Ukweli ni kwamba ni ndugu wa tumbo moja, na ukishaijua safari ya mzazi wao huhitaji kuzikariri.

Mchezo wenyewe ulizaliwa India, yapata karne ya 6. Wahindi waliuita chaturanga, yaani wenye viungo vinne, kwa maana ya vikosi vinne vya jeshi la enzi hizo: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi walipoupokea wakauita chatrang. Waarabu wakaiteka dola ya Kiajemi ya Wasasani, ambayo mfalme wake wa mwisho aliuawa mwaka 651, na mchezo wakauchukua pamoja na mengine. Kiarabu hakina "ch" wala "g" ya Kiajemi, hivyo jina likawa shatranj. Ndiyo sataranji yetu ya Kiswahili. Baghdad ya Waabbasi iliupenda mchezo huu hasa: mabingwa kama al-Adli na as-Suli waliheshimiwa katika kasri la makhalifa na wakautungia vitabu.

Sasa tuikaribie meza. Kete nyingine zote katika sataranji huliwa na kuondolewa ubaoni. Mfalme peke yake haliwi. Anachoweza kufanyiwa ni kubanwa. Ndiyo maana ikawa desturi ya wachezaji kutoa tahadhari: ukimwelekezea kete yako mfalme wa mwenzako, unasema "shah!", naye hana ruhusa ya kufanya jambo jingine lolote mpaka amwokoe. Asipoona pa kumpeleka, unasema "shah mat", na mchezo umekwisha.

Kuhusu hilo "mat" pana ubishi wa siku nyingi. Maelezo yanayopendwa ni kwamba maana yake ni mfalme amekufa, kwa sababu "mata" kwa Kiarabu ni alikufa, na sisi tunalo shina hilo katika mauti na maiti. Lakini Kiajemi nacho kina neno "mat", lenye maana ya kupigwa bumbuwazi, kukwama, kukosa la kufanya. Mimi nasimama na Kiajemi. Mchezo ulikuwa wao kabla ya kuwa wa Waarabu, na muhimu zaidi, mfalme wa sataranji hafi. Anabaki pale ubaoni, mzima, hana njia.

Kutoka kwa Waislamu wa Andalusia na Italia ya kusini mchezo ukaingia Ulaya ya Wakristo, na kila lugha ikalitafuna jina kwa meno yake. Wahispania walichukua jina la mchezo, ash-shatranj, likawa "ajedrez". Wengine walilishika neno walilolisikia mezani mara kwa mara, yaani shah. Kwa Kilatini cha enzi za kati likawa "scaccus", kwa Kijerumani "Schach", na kwa Kifaransa cha kale "eschec", ambalo kwa wingi ni "esches". Wanormani, waliotoka kaskazini mwa Ufaransa wakizungumza Kifaransa, waliishinda Uingereza mwaka 1066, na lugha yao ikawa lugha ya mabwana wa nchi. Kupitia kwao Waingereza wakapata "check" kutoka umoja na "chess" kutoka wingi. Kwa hiyo "chess", jina la mchezo, asili yake ni wafalme tu.

Hapo ndipo lilipotokea geuko ambalo maana nyingine zote zimelifuata. Mwajemi aliposema "shah" alikuwa akimtaja mfalme. Mwingereza wa karne ya 14 hakulijua neno la Kiajemi. Alichokiona ni kwamba mtu akitamka "check", mwenzake anasimama ghafla na mipango yake yote inavunjika. Akalichukua neno kuwa jina la kile kitendo: kuzuiwa, kukatizwa njia, kurudishwa nyuma. Likatoka mezani likaenda uwanja wa vita, kwa jeshi lililosimamishwa. Likaenda kwa wawindaji, ambao hulitumia kwa mbwa waliopoteza harufu ya windo wakabaki wanazungukazunguka. Wacheza hoki ya barafu wanalo hadi leo kwa kumkumba mpinzani kwa mwili ili apoteze kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira.

Kutoka kuzuia hadi kukagua ni hatua fupi kuliko inavyoonekana. Atakaye kumzuia mwizi wa ghala lazima ahesabu magunia. Neno lilipozoea kumaanisha udhibiti, likaanza kumaanisha pia kazi ya kutazama inayouwezesha udhibiti huo, na kufikia karne ya 17 maana ya kuhakiki ilikuwa imeshika. Linapendeza kulitazama likiwa bega kwa bega na "control", ambalo lilipita barabara hiyohiyo kwa upande wa pili. "Control" lilitokana na "contre-rolle", nakala ya pili ya daftari la hesabu iliyotunzwa ili kulihakiki la kwanza. Lilianzia kwenye uhakiki likaishia kwenye mamlaka ya kuzuia. "Check" lilianzia kwenye kuzuia likaishia kwenye uhakiki. Yamekutana njiani.

Lakini sehemu ya historia hii inayonivutia kuliko zote haihusu kete. Inahusu ubao.

Ubao wa sataranji kwa Kifaransa cha Wanormani uliitwa "escheker". Katika enzi ya Mfalme Henry I, aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 1100 hadi 1135, hesabu za mapato ya ufalme zilianza kufanywa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha miraba. Tunaijua meza ile vizuri kwa sababu mtunza hazina mmoja, Richard FitzNeal, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliandika mwishoni mwa miaka ya 1170 kitabu kizima cha maswali na majibu kuhusu kazi ya ofisi yake. Anasema meza ilikuwa na urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, na ukingo ulioinuka vidole vinne ili kitu kisidondoke. Juu yake palitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari iliyopishana kwa kadiri ya futi moja au shubiri, na kitambaa hicho kilinunuliwa kipya kila Pasaka.

Kwa nini kitambaa? Kwa sababu Ulaya ya siku zile iliandika tarakimu kwa herufi za Kirumi, zisizo na sifuri. Pauni 163 ziliandikwa CLXIII, na hakuna namna ya kupanga herufi hizo kwa safu ukatoa au kujumlisha kama tunavyofanya shuleni. Ubao ulilimaliza tatizo hilo. Safu ya kulia kabisa ilikuwa ya peni, iliyofuata ya shilingi, kisha pauni, kisha pauni ishirini-ishirini, kisha mamia, kisha maelfu. Pauni 163 na shilingi 7 zilikuwa kete 1 kwenye mamia, kete 3 kwenye ishirini, kete 3 kwenye pauni na kete 7 kwenye shilingi. Liwali wa jimbo, aliyekusanya kodi ya mfalme, aliitwa mbele ya meza mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na mwishoni mwa Septemba. Anachodaiwa kilipangwa mstari mmoja, alicholeta kikapangwa mstari wa chini yake. Hata asiyejua kusoma, na wengi hawakujua, aliweza kuona kwa macho yake kilichopungua.

Katika kitabu cha FitzNeal, mwanafunzi anauliza kwa nini ofisi imepewa jina la ubao wa mchezo. Mwalimu anataja kwanza kufanana kwa umbo, kisha anaongeza jambo la ndani zaidi: kama vile kwenye sataranji wafalme wawili wanavyopigana, hapa nako wanapambana wawili, mtunza hazina na liwali, na waliobaki wameketi kutazama na kuamua. FitzNeal alikuwa kazini akiandika, na alijua kwamba ukaguzi wa hesabu ni pambano.

Ofisi hiyo ndiyo Exchequer, na jina halijafa. Waziri wa fedha wa Uingereza bado anaitwa Chancellor of the Exchequer, cheo ambacho ukikivua joho lake kinasema mkuu wa ubao wa sataranji. Jina lilivuka bahari pamoja na ukoloni. Katika kurasa za biashara za magazeti ya Kiingereza ya Nairobi utasoma kila mara kuhusu fedha za Exchequer zinazotolewa kwa kaunti na wizara, fedha ambazo kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 228, haziwezi kuchotwa bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, kwa Kiingereza "Controller of Budget". Ubao na daftari la pili, maneno mawili ya wahasibu wa Wanormani, yamo ndani ya sentensi moja kuhusu mishahara ya kaunti.

Meza ilikuwa na mwenzake ambaye hatuwezi kumpita. Liwali akishalipa, risiti yake ilikuwa kijiti. Kilichongwa mapengo kulingana na kiasi: kwa pauni 1,000 pengo pana kama kiganja, kwa 100 kama dole gumba, kwa pauni moja kama punje ya shayiri. Kisha kijiti kilipasuliwa katikati kwa urefu, nusu akabaki nayo mlipaji, nusu ikabaki hazina. Zikitokea tofauti, nusu mbili ziliunganishwa. Aliyechonga pengo la ziada upande wake aliumbuka, kwa kuwa upande wa pili haukuwa nalo. Vijiti hivi viliendelea kutumika hadi mwaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 serikali iliamua kuchoma shehena yake iliyobaki katika matanuri ya jengo la Bunge la London, na moto ukawashinda. Sehemu kubwa ya jengo ikateketea. Jengo maarufu la Bunge tunaloliona leo pembeni ya mto Thames lilijengwa baada ya moto ule.

Mantiki ya kijiti kilichopasuliwa ndiyo iliyolipeleka neno letu benki. Mwanzoni mwa karne ya 18, "check" kwa mabenki ya London ilikuwa kipande cha karatasi kinachobaki kwenye kitabu baada ya hati ya malipo kukatwa. Kazi yake ilikuwa kuzuia udanganyifu: hati ikirudi, inalinganishwa na kipande kilichobaki. Zuio na uhakiki kwa pamoja. Taratibu jina likateleza kutoka kipande kilichobaki hadi hati yenyewe iliyokatwa, na hapo ndipo tulipoipata hundi. Tahajia ya "cheque" ni ya baadaye. Katika miaka ya 1820 mwandishi wa mambo ya benki, James William Gilbart, aliitetea kwa sababu inaondoa utata na inafanana na "exchequer". Waingereza, na sisi tuliosoma kwao, tukaifuata. Wamarekani walibaki na "check".

Wapo wanaosema "cheque" ni "sakk" ya Kiarabu. Hoja hii ina wapenzi wengi Afrika Mashariki, na si ya kudharauliwa, kwa sababu sakk ilikuwepo kweli: hati ya maandishi ya deni au malipo iliyotumiwa na wafanyabiashara wa zama za Waabbasi, ambayo wingi wake, sukuk, umefufuka kama jina la hati fungani zinazofuata sharia. Ufanano wa sauti nao ni mkubwa. Ila neno la Kiingereza lilianza benki likiwa limeandikwa "check", likiwa na maana ya kile kipande cha kuhakikia, na "que" ikaongezwa baada ya zaidi ya miaka 100. Hilo halipatani na mkopo wa moja kwa moja kutoka sakk. Anayetaka kuwapa Waislamu wa Baghdad haki yao hahitaji kulazimisha, maana neno limepita kwao vyovyote vile, kwa njia ya sataranji. Na hundi yetu ilikuja kwa jahazi tofauti kabisa: ni neno la Kihindi, hati ambayo wafanyabiashara wa Kihindi waliitumia kuhamisha fedha kuvuka Bahari ya Hindi, Zanzibar ikiwamo.

Maana nyingine za karatasi zinafuata mkondo huohuo na hazihitaji maelezo marefu. Kijikaratasi unachopewa Marekani ukikabidhi koti au begi ni "check" kwa sababu kinalinganishwa na mwenzake. Bili ya mgahawani ni "check" kwa kuwa ndiyo inayohakiki ulichokula. Mchezo wa besiboli ulipokatizwa na mvua, watazamaji walipewa hakikisho la kuingia siku nyingine, "rain check", na leo Mmarekani anayekataa mwaliko kwa upole akiahidi kuja siku nyingine hutumia maneno hayo hata jua likiwaka.

Kitambaa cha miraba kimetoka moja kwa moja kwenye ubao, na Mswahili anapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Hatusemi shati la drafti? Ubao wa mchezo ukawa jina la mchoro, kwetu kama kwao.

Ipo maana moja ambayo ningependa tuipe muda. Mwaka 1748 Mfaransa Montesquieu aliandika kwamba ili madaraka yasitumiwe vibaya, mambo yapangwe hivi kwamba madaraka yayazuie madaraka. Mwaka 1787 Wamarekani, waliokuwa wamejitoa chini ya Mfalme George III, walikuwa wakijadili katiba mpya, na Alexander Hamilton, katika makala ya tisa ya mfululizo wa kuitetea, alitaja miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa sayansi ya siasa "legislative balances and checks". Tumelizoea wazo hilo kwa lugha ya mihimili mitatu ya dola inayodhibitiana. Bunge linamhoji waziri, mahakama inabatilisha sheria, rais anakataa kutia saini. Kila kimoja cha vitendo hivyo kwa Kiingereza ni "check".

Jina la mfalme limekuwa jina la kitu kinachomzuia mtawala. Sidhani Hamilton aliufikiria ubao alipoandika, lakini mchezo ulikwisha lijua jambo hili zaidi ya miaka 1,000 kabla yake. Kwenye sataranji, kete yoyote, hata askari wa miguu aliye mdogo kuliko wote, ikisimama mahali pake inaweza kumlazimisha mfalme aache kila alichokipanga na kujibu. Mfasiri anayeandika kwamba Bunge "huikagua" serikali amepoteza nusu ya uzito wa neno. Kukagua ni kutazama. Neno hili linadai pia uwezo wa kusema basi.

Na sisi tumelichukua, kwa namna yetu. "Cheki!" anasema kijana wa Dar es Salaam au Nairobi akimwonyesha mwenzake kitu, na "nicheki kesho" maana yake nitafute, nipigie. Tunacheki mechi, tunajicheki afya, tunachekiana wikendi. Wakubwa wengine hulikemea neno hili kama uchafuzi wa lugha. Mimi naliona limezaa vizuri: limekubali viambishi vyote, na limetunza irabu yake ya mwisho lisigongane na cheka. Tumechukua upande wa kutazama tu. Upande wa kuzuia hatukuuhitaji, kwa kuwa tuna kuzuia, kudhibiti, kukinga na kukomesha, kila kimoja na mahali pake. Hata shah tulikuwa naye tayari, bila kumpitisha Ulaya: bingwa anayewaongoza washairi kwa Kiswahili huitwa shaha.